Kitufe cha Kijani cha Bisha Hodi

Watu wakiniuliza mpwa wangu anafanya kazi gani, huwajibu kwamba anatengeneza kitufe. Wanacheka. Wanadhani namficha. Nawaacha wacheke mpaka mbavu zitulie, halafu nawaeleza: kitufe kimoja, cha kijani, chenye umbo la mshale, kinakaa juu kabisa kwenye kioo cha kompyuta. Ukikibonyeza, programu inaamka. Na siku alipokibonyeza mbele ya wakubwa, programu haikuamka, ilianguka kifudifudi, na hapo ndipo mpwa wangu aliposhinda. Kaa vizuri nikusimulie, maana mimi nilikuwepo. Nilikuwa juu ya ngazi.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Shule na mimi tuliachana mapema, kwa amani, kila mmoja akashusha pumzi. Lakini usinidharau. Nimepoza ofisi ambazo wewe huingii bila kuitwa mara tatu, na nimeziona nywele bandia za wakubwa kutoka juu, mahali ambapo hakuna siri. Kwa hiyo nikikuambia jambo la ofisini, sijalisikia kwa jirani.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu, yule anayeshona sare za shule. Jina lake la cheti analijua karani. Sisi nyumbani tunamwita Bisha Hodi, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa mkono wake.

Tunaishi kwenye nyumba ndefu ya ukoo: ukumbi mwembamba katikati, vyumba huku na huku, jiko mwisho, bomba uani. Zamani, katika nyumba ile, chako kilikuwa chako ukiwa umekishika tu. Ukikiweka chini, kwaheri. Shangazi alichukua sabuni ya dada, dada alichukua pasi ya shangazi, na mimi nilichukua vya wote, maana mimi ndiye mwenye kazi nyingi. Kilichonipendeza zaidi kilikuwa kitana cha mpwa wangu. Kitana chenye meno membamba ndicho dawa ya yale mapezi ya bati yaliyo nyuma ya kiyoyozi. Yakipinda, unayachana, yananyooka. Wewe jaribu, utanishukuru.

"Mjomba, kitana changu kiko wapi?"

"Kitana? Labda kimekwenda kutembea."

"Kimerudi kina harufu ya gesi ya friji."

"Basi kilikwenda kulitembelea friji. Mbona unakionea wivu?"

Alikuwa bado mdogo, anavaa zile sare alizoshona mama yake, lakini hakulia wala hakushitaki. Aliingia chumbani, akatoka na kipande cha kadibodi, akakitundika mlangoni kwa uzi. Kiliandikwa kwa kalamu nene: "Chumba hiki kinaazimisha mkasi, ufagio na kamusi. Chumba hiki kinahitaji pasi ya shangazi na taa ya mama. Ukitaka kingine chochote, bisha hodi."

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Dada yangu alifuta machozi kwa kitambaa cha sare ya watu. Lakini kesho yake shangazi akatundika kadi yake, juma lililofuata dada akatundika yake, na kabla ya likizo kwisha nyumba nzima ilikuwa na kadi milangoni kama hospitali. Chumba kimoja tu hakikuwa na kadi. Unakijua ni cha nani.

Miaka ikakimbia, mtoto akasoma kompyuta chuoni, akaajiriwa. Tukafurahi, tukapika, nikatoa hotuba. Kumbe alichopewa ofisini hakikuwa kompyuta bali simu.

Ofisi yenyewe inaandikia watu programu. Mteja wao mkubwa ni idara ya maji: kuna programu inayowasha pampu, kuzizima na kuonyesha kila tangi limejaa kiasi gani. Mpwa wangu alitaka kuandika programu, lakini kiti kilichokuwa wazi ni cha kupokea malalamiko. Akakikalia. Alivaa kile kidude cha masikioni chenye kijiti mdomoni, na kutwa nzima watu wa kituo cha pampu wakampigia.

"Imekufa tena, dada. Imeandika maneno mekundu."

"Nisomee hayo maneno, kaka."

Wanamsomea neno kwa neno, naye anaandika, anakwenda kwa mkubwa wa waandishi wa programu. Huyo mkubwa wenzake wanamwita Chifu. Ni mtu mnene, mcheshi, ana kikombe cha kahawa kikubwa kama ndoo ya mtoto. Chifu anasikiliza, anabonyeza kitufe cha kijani kwenye kompyuta yake, programu inaamka, pampu zinachorwa kwenye kioo, matangi yanapanda na kushuka.

"Unaona? Kwetu inafanya kazi. Waambie."

Bisha Hodi anarudi kwenye simu. "Kaka, kwetu inafanya kazi."

"Kwenu! Sisi maji tunayataka huku!"

Alikuwa akirudi nyumbani anatembea kama aliyebeba tofali kichwani. Nilipomuuliza alisema, "Mjomba, nimeajiriwa kusema sentensi moja, na hata hiyo moja siiamini." Mimi nikamwambia amshukuru Mungu, wapo wanaolipwa bila kusema hata moja. Hakucheka. Nikajua jambo ni zito.

Sasa hapa inabidi nikufundishe Java kidogo, usiogope, mimi mwenyewe nilifundishwa nikila. Java ni lugha ya kuandikia programu. Siku hizi programu kubwa ya Java hugawanywa vipande vinavyoitwa moduli. Moduli ni chumba. Ina kuta, na ina kadi mlangoni: mimi nahitaji chumba fulani na fulani, na wengine wanaruhusiwa kutumia hiki na hiki, basi. Kisichoandikwa kwenye kadi, hugusi. Mpwa wangu aliposoma habari hizo mara ya kwanza alikuja mbio jikoni akasema, "Mjomba, wameniibia!"

Programu ya maji ilikuwa imejengwa hivyo, kwa moduli. Kule kituo cha pampu iliwashwa pamoja na kuta zake zote. Lakini pale ofisini waandishi walitumia chombo chao wenyewe cha kuandikia programu, chombo walichokitengeneza zamani kabla moduli hazijazaliwa, na kile kitufe chake cha kijani hakikujua habari za kuta. Ukikibonyeza, kilivitoa vitu vyote vyumbani, kikavimwaga rundo moja ukumbini, kikasema haya, fanyeni kazi. Kwenye rundo hakuna mlango, na pasipo mlango nani atabisha? Kila mtu anachukua kitana cha mwenzake na mambo yanakwenda. Basi kosa lolote la kuingia bila hodi lilionekana kule kwenye pampu tu. Ofisini lisingeonekana hata wangekodolea macho mpaka wastaafu.

Ilikuwepo njia ya kuiwasha na kuta zake hapo hapo ofisini. Unaandika amri kwa mkono, mstari mrefu kuliko foleni ya benki, unataja kila chumba na mahali kilipo. Ukikosea nukta moja, unaanza upya. Na hata ukifanikiwa, huwezi kuisimamisha katikati ukaichungulia. Kwa hiyo hakuna aliyejisumbua. Kitufe kipo, kitufe kinafanya kazi, nani aandike foleni?

Bisha Hodi akaenda kwa mkurugenzi, mama mmoja mrefu anayeongea taratibu kama anayehesabu shanga. Akamwomba ruhusa ya kukifundisha kile chombo habari za moduli, ili kiwashe programu kwa kuta na kisake makosa kwa kuta.

"Wewe ni wa simu," mkurugenzi alimwambia.

"Ndiyo maana najua, mama."

Mkurugenzi akamtazama. Halafu akampa sharti, nami nalikumbuka kwa sababu lililiwa nyumbani kwetu asubuhi, mchana na jioni. Watu wa maji wangekuja ofisini kulalamika ana kwa ana. Siku hiyo Bisha Hodi angeonyesha kitufe chake mbele yao, kwa programu yao halisi. Kikifanya kazi, kitaingia kwenye kompyuta zote, naye atahamia chumba cha waandishi. Kikishindwa, kitafutwa, na atarudi kwenye simu, na habari ya kuandika programu isisikike tena.

"Niijaribu basi hiyo programu ya maji kwanza," alisema.

"Hiyo haichezewi," alidakia Chifu, aliyekuwa amesimama kando na kikombe chake. "Jaribu na vyako. Ukiwa tayari, siku yenyewe utapewa."

Hapo ndipo ikabidi ajiandikie programu ndogo ya kujaribia. Na sasa, msomaji, vua kofia. Aliandika nyumba yetu. Moduli moja Mama, moja Shangazi, moja Bisha Hodi, zote na kadi zake. Ya nne aliiita Mjomba. Kazi ya moduli Mjomba ilikuwa kuingia vyumba vya wenzake na kuchukua vitu ambavyo kadi hazikuruhusu, ili kitufe kithibitishe kinamkamata. Wewe una ndugu wangapi waliomo ndani ya Java? Mimi nimo. Kila mara alipobonyeza, nilikwenda kuiba kitana, nikakataliwa mlangoni, nikaandikwa kwa maneno mekundu.

"Mbona mimi ndiye mwizi?" nilimuuliza. Alikuwa kwenye meza ya jikoni na laptopu yake, Jumapili mchana, mimi nimesimama nyuma yake na sahani.

"Mjomba, nilihitaji mtu ambaye hatabadilika."

Kuwasha alikuweza mapema. Kilichomtoa jasho ni kusaka makosa. Iko hivi: mwandishi wa programu anaweza kuweka nukta nyekundu kando ya mstari anaoutilia shaka. Halafu anabonyeza kitufe cha pili, kile chenye picha ya kidudu. Programu ikifika kwenye nukta inasimama. Haifi. Inasimama tu, mguu juu, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa ghafla, na wewe, kupitia dirisha la kuchungulia linalofunguka kando, unaipekua mifukoni: umebeba nini, umetoka wapi, unakwenda kwa nani. Lakini nukta zake zilikuwa haziheshimiwi. Moduli Mjomba ilizipita kana kwamba ni chawa ukutani.

"Hata ndani ya kompyuta hunisikii!" alifoka.

"Labda nina haraka."

Alinuna juma zima. Kisha siku moja anaosha sufuria, mimi nakausha, akaiachia sufuria ikalia kwenye sakafu hadi shangazi akatoka na ufagio.

"Linatafuta kwenye rundo!" alipiga kelele. "Mjomba, lile dirisha la kuchungulia bado linanitafutia vitu kwenye rundo! Vitu vimehamia vyumbani!"

Alikimbilia laptopu mikono ikichuruzika povu. Sikuelewa kitu, lakini nilimalizia vyombo, jambo ambalo halikuwahi kutokea na dada yangu bado analizungumzia. Aliporudi kuniita, kwenye kioo niliona moduli Mjomba imesimama kwenye nukta nyekundu, mkono ukiwa umeshafika kwenye kitana. Kando yake imeandikwa nimetoka chumba gani, nimeingia kipi, na kadi ya nani ilinikataza. Nilijisikia aibu na fahari kwa wakati mmoja. Fahari ilikuwa nyingi zaidi.

Basi ikafika siku yenyewe.

Kwa bahati, kiyoyozi cha chumba chao cha mikutano kilikuwa kinahitaji kufutwa vumbi, na fundi wao ni mimi. Kazi ya kitambaa na brashi, imekwisha. Lakini mtoto wangu anawekwa mezani mbele ya wakubwa, nami nifute vumbi niondoke? Nilikifungua chote. Nilitandaza skrubu juu ya gazeti kama muuza njugu. Walipoanza kuingia, nilikuwa kwenye ngazi, kichwa kimezama ndani ya kiyoyozi, jicho moja nje.

"Fundi, utachukua muda?" mkurugenzi aliuliza.

"Mama, ugonjwa wake ni wa ndani."

Bisha Hodi aliniona. Alinitupia jicho lile la kitana. Nikarudisha kichwa ndani.

Meza ndefu, viti vya kuzunguka, projekta ikirusha picha ukutani. Chifu na ndoo yake ya kahawa. Upande wa wageni alikuwepo mhandisi wa maji, mwanamke mfupi mwenye buti zilizokaukia tope, amebeba kofia ngumu mapajani kama anayebeba tikiti maji. Hakutabasamu hata kwa chai.

"Sisi hatukuja kuangalia maonyesho," alisema. "Kila tukiiwasha ile programu inakufa, tunafungua valvu kwa mikono. Mafundi wangu mabega yameisha."

"Binti yetu ana kitu cha kuonyesha," alisema mkurugenzi. "Endelea, binti."

Chifu akamfungulia programu ya maji, ile isiyochezewa. Bisha Hodi akaeleza kwa maneno machache kitufe chake kinafanya nini. Sauti haikutetemeka, ila nilimwona anajifuta kiganja kwenye sketi. Akabonyeza mshale wa kijani.

Ukuta mzima ukawa mwekundu.

Mistari ilimiminika, myekundu, mirefu, mmoja juu ya mwenzake. Hakuna pampu. Hakuna tangi. 

Chifu aliachia kicheko kidogo, si cha ubaya, cha mtu aliyetabiri mvua. "Pole, mdogo wangu. Jamani, hii programu ni nzima kabisa." Akavuta kompyuta yake, akabonyeza kitufe cha zamani, na pampu zikaja, na matangi yakapanda na kushuka, vizuri kama picha ya kalenda. "Mnaona? Kwetu inafanya kazi. Hicho kitufe kipya ndicho kinachoivunja."

Mkurugenzi akafunika kalamu yake. Mtu akifunika kalamu mkutanoni, nimeona mara nyingi kutoka juu, mambo yamekwisha. "Nadhani tumeona," alisema taratibu. "Asante, binti. Unaweza kurudi kwenye..."

Skrubu ikaniponyoka. Ilianguka juu ya meza, ikaruka, ikazunguka, ikachukua muda wake wote. Wote wakanitazama. Naapa sikukusudia, mikono ilikuwa na jasho. Lakini mpwa wangu hakunitazama. Alikuwa anausoma ukuta. Midomo ilikuwa inacheza, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Na nikamwona anaanza kutabasamu, nikadhani maskini akili imeruka.

"Mama Mhandisi," alisema, "nikusomee mstari wa kwanza?"

"Nisomee wa nini? Imekufa, nimeona."

Akasoma. Hakuusoma ukutani, aliusoma huku amemgeukia mhandisi, kwa kichwa, neno kwa neno, na wa pili, na wa tatu, kwa ile sauti yake ya kwenye simu, tulivu, ya kumbembeleza mtu aliyekasirika. Mhandisi aliweka kofia mezani. Akasimama. Akaenda hadi ukutani, akaweka kidole juu ya maneno mekundu.

"Haya ndiyo yetu," alisema. "Haya haya! Ndiyo tunayoyaona kila asubuhi!" Halafu akageuka, akamkazia macho. "Ngoja. Sauti hii naijua. Wewe ndiye 'kwetu inafanya kazi'!"

"Ndiye mimi, mama."

"Wewe! Nimekutukana wewe!"

"Mara nyingi, mama."

Chumba kikapasuka kwa kicheko, hata mkurugenzi meno yalionekana. Bisha Hodi akasubiri kitulie, kisha akasema jambo ambalo ningelipa nauli kwenda kulisikia tena.

"Kosa hili mmenisomea kwenye simu tangu nilipoajiriwa. Ofisi hii haijawahi kuliona hata mara moja. Leo ndiyo siku ya kwanza kwetu haifanyi kazi. Na ndicho nilichokuwa nakitafuta."

Mkurugenzi akaifunua kalamu.

Chifu, nampa haki yake, si mtu wa kununa. Alisogeza kiti mbele. "Sawa. Umetuonyesha inavyokufa. Inakufa kwa nini?"

"Hapo sasa," alisema mpwa wangu, akapandisha mikono ya blauzi.

Akaenda kwenye mstari uliotajwa, akaweka nukta nyekundu kando yake. Akabonyeza kitufe cha kidudu. Nilishika ngazi kwa mikono miwili nikasema moyoni, simama, tafadhali, simama, kama mimi nilivyosimama. Programu ilianza, ikapita hapa, ikapita pale, na ilipofika kwenye nukta ikasimama. Kimya. Mguu juu. Kando likafunguka dirisha lake la kuchungulia.

"Huyu anayebisha," alionyesha, "ni moduli ya kusoma vipimo. Mlango anaobisha ni wa moduli ya matangi. Anataka kuingia chumba cha ndani kuandika kiwango cha maji. Kadi ya matangi haimruhusu. Kule kwenye pampu kuta zipo, kwa hiyo anakataliwa, na programu nzima inaanguka naye. Hapa kitufe cha zamani kinamwaga kila kitu rundo moja, hakuna mlango, anajipitia. Chifu anaona pampu nzuri, mafundi wa mama wanafungua valvu kwa mabega."

Chifu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Kadi ya matangi niliiandika mimi," alisema. Akajikuna. "Niliandika milango ya mbele yote. Huu wa ndani sikuuwazia, maana haukuwahi kunilalamikia."

"Ungelalamika vipi, Chifu? Kwenye rundo hakuna milango."

"Basi fungua yote twende nyumbani!"

"Hapana. Atafunguliwa huyu mmoja, chumba kimoja. Mwingine akitaka, abishe hodi."

Nilicheka peke yangu juu ya ngazi, nikajifanya nakohoa.

Akainuka, akamsogezea Chifu kiti. "Kadi ni yako. Andika wewe." Chifu akaandika mstari mmoja, mfupi, wala haukujaza nusu ya kioo. Akamtazama mpwa wangu kama mtu anayeomba ruhusa, akauelekeza mkono kwenye mshale wa kijani. "Kibonyeze wewe. Kitufe ni chako."

Akabonyeza.

Pampu zikaja ukutani, moja baada ya nyingine, na majina yake. Matangi yakajichora, rangi ya buluu ikapanda ndani yake taratibu, na safari hii kuta zote zilikuwa zimesimama. Mimi nikasahau nilipo. Nilipiga makofi kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa nimeshika chujio la kiyoyozi, na vumbi lote la mwaka likashuka kama baraka juu ya kichwa cha Chifu na ndani ya kahawa yake.

"Fundi!"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, bwana! Umetoka!"

Mhandisi wa maji hakungoja chai. Aliomba programu iliyosahihishwa itumwe kituoni palepale, akampigia fundi wake, akaweka simu mezani na sauti juu tusikie wote. Tukasikia hatua, mlango wa chuma, mtu anaguna. Kisha kelele ya kwanza ya pampu inaanza, inakoroma, inashika kasi, na sauti ya mwanamume inapaza juu yake: "Imewaka yenyewe, mama! Yenyewe! Sijagusa kitu!" Nyuma yake wenzake wakapiga mbinja. Mhandisi akavaa kofia yake ngumu mle mle ndani, sijui kwa nini, nadhani ni furaha, akamshika mpwa wangu mkono akautikisa kama anapiga maji bombani.

"Nimekutukana bure," alisema.

"Hukunitukana bure, mama. Kila ulipokasirika ulisoma kwa sauti kubwa, nikasikia vizuri."

Mkurugenzi alikusanya karatasi zake bila haraka. Alimwambia Chifu kitufe kiwekwe kwenye kompyuta zote siku ile ile. Halafu akamgeukia Bisha Hodi. "Chumba cha waandishi kina kiti karibu na dirisha. Kesho ukikalie." Na mimi nikatupiwa jicho. "Fundi, na kiyoyozi?"

"Kimepona, mama. Kilikuwa kinamsubiri huyu."

"Huyu ni nani kwako?"

Niliteremka ngazi pole pole, kidato kwa kidato, ili nifike chini nikiwa na heshima. "Huyu? Huyu mimi nimo ndani ya kazi yake. Mwambie akuonyeshe. Naitwa Mjomba, na jina limeandikwa kwa Java."

Sasa anakaa dirishani. Kitufe chake kinabonyezwa kutwa na watu ambao hawajui kilianzia kwenye kadibodi na uzi, na kosa ambalo lingetokea kwenye pampu linatokea kwanza pale ofisini, likakamatwa likiwa mguu juu. Aliyerithi simu yake ananiambia kazi imekuwa ya kusinzia. Na mhandisi wa maji bado hupiga mara moja moja, anamtaka Bisha Hodi mwenyewe, anamwambia tu, "Na kwetu inafanya kazi!" kisha anakata.

Nyumbani nilimwacha afurahie ushindi wake siku kadhaa, kwa adabu. Halafu nikapata kazi ya kiyoyozi kilichopinda mapezi vibaya. Dada yuko cherehani, shangazi uani, mwenye chumba yuko jikoni anaimba. Nikaingia kwa ncha za vidole, nikakitia kitana mfuko wa shati, nikageuka kutoka. Mbele ya kizingiti, kwenye sakafu, kulikuwa na stika ya duara, nyekundu, mpya, saizi ya sarafu. Sikuwa nimeiona nikiingia.

Nikasimama. Mguu juu, naapa.

"Hapo hapo, Mjomba," sauti ilitoka jikoni, wala hakugeuka. "Sasa nisomee: umetoka chumba gani, umebeba nini, na kadi ya nani imekuruhusu?"